Suruali ya Bibi Zetu na Baiskeli: Historia ya Vazi Lililozua Kesi



Msimu wa harusi ukikaribia, mezani kwetu hufika maagizo ya kila namna: gauni la nikahi, dera za kupokea wageni, nguo za mawifi, sare za mashoga wa biharusi. Siku hizi limeongezeka agizo jingine, nalo ni nguo ya kuendeshea baiskeli. Wapo mabiharusi wanaotaka kuuweka mwili sawa kabla ya siku yao. Wapo walimu, wanafunzi, wakulima wa mwani na wafanyabiashara wanaotoka kijiji hiki kwenda kile. Wote wanatuuliza swali moja: nivae nini nisitirike, nisinaswe na gurudumu, na bado nipendeze?

Hujibiwa haraka na watu wa pande mbili. Wa kwanza husema swali hili limeletwa na usasa, mwanamke wa zamani hakuwa na shida nalo. Wa pili husema hii ni shida ya sisi tunaojisitiri tu, wenzetu wa Ulaya walipanda baiskeli siku ya kwanza wakaondoka. Tumekaa tukaisoma historia ya jambo hili, na tunawaambia kwamba pande zote mbili zimekosea. Swali hili lina zaidi ya miaka 130. Waliolia nalo mwanzo ni wanawake wa Uingereza na Marekani. Na nguo waliyoikimbilia ilitoka katika masanduku ya wanawake wa Kiislamu.

Suruali ilianza na mnyama wa kupanda

Tuanze mbali kidogo. Miongoni mwa suruali kongwe kabisa zilizowahi kupatikana ni zile zilizofukuliwa makaburini huko Turfan, magharibi ya China, nchi wanakoishi Waislamu wa Kiuighuri. Zina umri wa miaka 3,000 hivi, zimefumwa kwa sufi, na wataalamu wanaamini zilikuwa za wapanda farasi. Sisi mafundi tunavutiwa zaidi na mkato wake. Kuna mguu mmoja, kuna mguu wa pili, halafu kuna kipande cha tatu, kipana, kilichowekwa katikati ya mapaja ili mvaaji aweze kupanua miguu bila ya kuchana mshono. Shika kipande hicho cha tatu akilini, tutakirudia.

Kwa hiyo suruali haikuanza kwa sababu ya uanaume wala uanamke. Ilianza kwa sababu ya safari. Mtu anayekaa juu ya mgongo wa mnyama anahitaji nguo iliyogawanyika. Neno lenyewe limesafiri: suruali yetu ni sirwal ya Waarabu, nao Waarabu walilipata kwa Waajemi. Katika nchi nyingi za Kiislamu, kutoka Uturuki hadi Bara Hindi, wanawake walivaa suruali pana chini ya kanzu au gauni, na hakuna aliyewaambia wamevaa nguo ya kiume.

Ulaya ilikuwa tofauti. Huko mwanamke alivaa sketi juu ya sketi, na suruali ilihesabiwa kuwa alama ya mwanamume. Hapo ndipo matatizo yalipozaliwa.

Barua za bibi wa balozi

Mwaka 1717 Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza katika dola ya Waturuki, alishonewa nguo za Kituruki akaanza kuzivaa. Aliwaandikia jamaa zake barua akieleza suruali pana inayofika viatuni na kuficha miguu vizuri kuliko sketi za kwao. Aliandika pia jambo ambalo liliwashangaza wengi: kwamba wanawake wa huko, kwa kuwa wamejifunika, walikuwa na uhuru wa kutembea mjini bila ya kutambuliwa na mtu. Barua zake zilichapishwa mwaka 1763, mwaka mmoja baada ya kufariki kwake, na wanawake wa tabaka la juu wakapenda kuchorwa picha wakiwa wamevaa Kituruki. Lakini ilikuwa nguo ya picha na sherehe. Hakuna aliyetoka nayo barabarani.

Vazi la "Kituruki" huko Marekani

Aliyetoka nayo barabarani ni Elizabeth Smith Miller, Mmarekani, mwaka 1851. Alichoka kuburura sketi ndefu bustanini, akashona suruali pana iliyokusanywa kwenye kifundo cha mguu, na juu yake akavaa sketi iliyofika chini kidogo ya magoti. Alimtembelea binamu yake Elizabeth Cady Stanton katika mji wa Seneca Falls, jimbo la New York, na vazi likapendwa. Jirani yao Amelia Bloomer alikuwa na gazeti la wanawake liitwalo The Lily. Alipoliandika vazi hilo gazetini, wanawake walimiminika kuomba vipimo vya kushonea. Watu wakaliita bluma, kwa jina lake, lakini wenyewe walikuwa wakiliita vazi la Kituruki.

Kilichofuata mtakitambua, maana hakijabadilika sana hadi leo. Wachora vibonzo waliwachora wakiwa wanavuta sigara na kuwaamrisha waume zao. Watoto waliwafuata njiani wakiwazomea. Wahubiri walipanda mimbari wakasema mwanamke amekatazwa kuvaa vazi la mwanamume. Hebu fikirini: nguo imetoka kwa wanawake, imeshonwa na mwanamke, imevaliwa na mwanamke, inaficha mguu mpaka kifundoni, na bado inaitwa nguo ya kiume! Ndani ya miaka michache wengi wao walirudi kwenye sketi ndefu. Si kwamba nguo ilikuwa mbaya. Walichoka na kelele.

Baiskeli inaingia

Baiskeli za mwanzo zilizojulikana sana zilikuwa na gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, na mpandaji alikaa juu kama aliyepanda mti. Kwa sketi haikuwezekana. Mambo yakabadilika mwaka 1885, pale John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alipotoa baiskeli iliyoitwa Rover. Ilikuwa na magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, kama baiskeli tunazozijua leo. Mwaka 1888 John Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, akapata hataza ya mpira wa kujazwa upepo, na safari ikawa laini. Kufikia miaka ya 1890 wanawake wengi wa Ulaya na Marekani walitaka baiskeli.

Sasa tazama walivyokuwa wamevaa. Ndani kulikuwa na koseti, ala ya kubana kiuno mpaka pumzi ikawa shida. Juu yake sketi za ndani kadhaa, kisha sketi ya nje inayogusa chini. Mwaka 1881 wanawake wa London walikuwa wameshaanzisha jumuiya ya kudai mavazi yenye akili, na Lady Harberton alikuwa mmoja wa vinara wake. Jumuiya hiyo ilipendekeza kwamba uzito wa nguo za ndani, bila ya viatu, usizidi ratili 7, yaani kilo 3 na kidogo. Kama ratili 7 zilikuwa ndio nafuu, mnaweza kukisia mzigo uliokuwa ukibebwa.

Juu ya baiskeli sketi hizo zilikuwa hatari ya kweli. Zilinaswa kwenye mnyororo na kwenye gurudumu, na mwanamke akaanguka. Upepo ukivuma zilipanda juu, ndipo wengine wakashona vipande vya risasi ndani ya mpindo ili zikae chini. Watengenezaji nao walijitahidi. Waliinamisha chuma cha katikati ili mwanamke apite bila ya kurusha mguu, wakafunika mnyororo, wakasuka wavu wa nyuzi juu ya gurudumu la nyuma ili nguo isiingie. Baiskeli ya kike tunayoijua hapa kwetu, ile yenye chuma kilichoinama na kifuniko cha mnyororo, ni mjukuu wa baiskeli hizo. Umbo lake lilizaliwa kwa sababu ya nguo ya mwanamke.

Wengine waliona hayo hayatoshi, wakavaa suruali fupi pana iliyokusanywa magotini. Mwaka 1893 msichana wa miaka 16, Tessie Reynolds, aliendesha kutoka Brighton hadi London na kurudi kwa muda wa saa nane na nusu hivi. Magazeti hayakushughulika sana na mbio zake, yalishughulika na suruali yake. Mwaka 1894 Annie Londonderry, mama wa watoto watatu, aliondoka Boston kuizunguka dunia na baiskeli yake. Alianza na sketi na baiskeli ya kike yenye uzito wa kilo 19. Alipofika Chicago aliacha vyote viwili, akachukua baiskeli nyepesi na kuvaa bluma. Sehemu kubwa ya safari alikwenda kwa meli, na moja ya bandari alizopita ni Aden, jirani yetu wa kaskazini.

Madaktari nao hawakunyamaza. Waliandika kwamba mwanamke anayeendesha baiskeli atapata "uso wa baiskeli", yaani uso uliokakamaa kwa wasiwasi. Ugonjwa huo haukuwahi kuwepo.

Kesi ya hotelini

Mwezi wa Oktoba 1898 Lady Harberton, yule kinara wa jumuiya, alikuwa safarini na baiskeli yake katika wilaya ya Surrey. Alisimama katika hoteli iitwayo Hautboy, kijiji cha Ockham, akaomba chakula cha mchana. Alikuwa amevaa suruali pana na koti. Mwenye hoteli, ambaye naye alikuwa mwanamke, alimkatalia chumba cha kulia cha wageni wa heshima. Alimwambia akitaka ale kule kwenye chumba cha baa, walikokuwa wakinywa wanaume. Lady Harberton alikataa, akaondoka.

Chama cha waendesha baiskeli kiliipeleka hoteli mahakamani, na kesi ikasikilizwa mwezi wa Aprili 1899. Upande wa hoteli ulionyesha picha ya chumba kile cha baa kikiwa nadhifu, na ukadai kwamba mteja hakunyimwa huduma, alipewa chumba kingine tu. Hoteli ikashinda.

Dada zetu, tusome vizuri tukio hili. Mwanamke amefunikwa kuanzia shingoni mpaka miguuni, na anahukumiwa hana heshima ya kukaa na wanawake wenzake. Wengi wetu tunalijua jambo hili kwa upande wake wa pili: wapo dada zetu wanaoishi nchi za watu, na wamewahi kukataliwa mlango kwa sababu wamejifunika. Kule suruali, huku ushungi. Nguo hubadilika, lakini mkono unaofunga mlango ni ule ule, mkono wa mtu anayepima heshima ya mwanamke kwa mazoea ya macho yake.

Mafundi waliopata jibu

Sehemu hii ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Wakati wakubwa wanabishana magazetini na mahakamani, mafundi wa kushona walikaa kwenye vyerehani vyao wakatafuta njia. Waliwaza hivi: mwanamke anataka kuendesha salama, lakini anataka pia akishuka aingie sokoni au kwa jamaa zake bila ya kuzomewa. Basi tumshonee nguo moja inayofanya kazi mbili.

Alice Bygrave, fundi wa Brixton, London, alipata hataza mwaka 1895. Hataza ni hati ya serikali inayolinda kitu ulichokivumbua. Sketi yake ilionekana ya kawaida kabisa, lakini ndani ya mishono ya mbele na nyuma alificha kamba. Mvaaji akivuta kamba kiunoni, sketi hupanda na kukusanyika pande mbili, kama tanga linavyopandishwa kwa kapi. Akizilegeza, sketi hushuka. Alipata hataza Uingereza, Kanada, Uswisi na Marekani, na kampuni ya Jaeger ikaiuza.

Hakuwa peke yake. Julia Gill, fundi mwingine wa London, alitumia pete ndogo zilizoshonwa ndani ya sketi na kamba inayopita katika pete hizo, ili sketi ikusanywe mpaka kiunoni juu ya suruali. Mwaka 1896 ndugu wawili wa mji wa York, Mary na Sarah Pease, walibuni sketi inayovuliwa na kuvaliwa mabegani kama joho. Mwanamke akipanda baiskeli ana suruali na joho, akishuka ana sketi ndefu. Mwaka 1897 Mary Ward wa Bristol naye akapata hataza ya sketi ya usalama aliyoiita kwa jina la Hyde Park, bustani maarufu ya London.

Kwa miaka mingi hati hizi zililala makabatini. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha London, Kat Jungnickel, akiwa na wenzake, alizitoa, akashona upya nguo hizo kwa kufuata maelezo yake, akazivaa na kuendesha nazo baiskeli. Kitabu chake kilitoka mwaka 2018. Sisi tunafurahi kuona majina ya mafundi yakitajwa katika historia, maana mara nyingi hutajwa aliyevaa tu, na aliyeshona husahauliwa.

Na visiwani kwetu?

Wakati wanawake wa London wanapigania ruhusa ya kuvaa suruali pana, hapa Unguja wanawake wa ikulu na wa nyumba za wenye uwezo walikuwa wakivaa suruali kila siku. Ilikuwa suruali yenye marinda kwenye vifundo, na juu yake kanzu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa mwaka 1844, aliyaeleza mavazi hayo katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Picha yake mashuhuri inamwonyesha amevaa suruali na kanzu ya nakshi. Katika kitabu hicho ameeleza pia jinsi watoto wa ikulu walivyofunzwa kupanda wanyama wangali wadogo, na wasichana nao walikuwemo.

Tazameni tarehe. Rover ilitoka 1885, kitabu cha Bibi Salme 1886. Nguo iliyohitajika na baiskeli ilikuwa imetundikwa kwenye vyumba vya Mji Mkongwe wakati baiskeli yenyewe inazaliwa Coventry.

Kisha mavazi yetu yakabadilika. Kanga ilienea miaka ya mwisho ya karne ya 19. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na wanawake wengi ambao zamani walikatazwa kujifunika walijinunulia nguo za heshima kwa pesa zao wenyewe. Buibui likafuata, na katika karne ya 20 likawa vazi la kutokea la karibu kila mwanamke. Tunalipenda na tunalivaa. Lakini fundi lazima aseme kweli: buibui lilikatwa kwa ajili ya kutembea kwa miguu katika vichochoro. Lile la zamani la kamba lilihitaji mkono mmoja wa kulishika. Halikukatwa kwa ajili ya mnyororo.

Ndiyo maana leo ukipita barabara za Paje au Jambiani utawaona wanawake wanaendesha baiskeli huku wamekusanya buibui na kulikalia, au wamelifunga fundo ubavuni. Stara wanaitaka na safari wanaitaka. Kilichobaki nyuma ni mkato wa nguo. Na mwanamke akianguka kwa sababu pindo limeingia kwenye gurudumu, watu husema, "Si tulisema baiskeli si ya wanawake?" Hakuna anayesema, "Nguo haikushonwa kwa kazi hii." Kwa njia hiyo msichana huambiwa aache baiskeli, akatembea saa nzima kwenda skuli, au akangoja daladala kwa nauli asiyokuwa nayo.

Wenzetu wa leo

Mwaka 2012 Haifaa al-Mansour wa Saudi Arabia alitoa filamu ya Wadjda, habari ya msichana wa Riyadh anayetamani baiskeli. Mwaka uliofuata wanawake wa nchi hiyo waliruhusiwa kuendesha baiskeli katika bustani na sehemu za mapumziko, wakiwa wamevaa abaya na wakiwa na maharimu. Huko Jidda mbunifu Eman Joharjy amejulikana kwa abaya za michezo zilizoshonwa kwa miguu miwili kama suruali, lakini pana, hata mtu akisimama huoni mgawanyiko. Ukiitazama unaikumbuka sketi ya akina dada wa karne ya 19.

Na katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Masomah Ali Zada kutoka Afghanistan alishindana mbio za baiskeli katika timu ya wakimbizi, ushungi ukiwa chini ya kofia yake ngumu. Alipokuwa Kabul akifanya mazoezi, kuna watu waliomrushia mawe. Alishindana mbele ya dunia nzima akiwa amejisitiri.

Sisi si masheikh, na masuala ya fiqhi waulizwe wenye elimu. Ila sote tunajua kwamba wanawake wa mwanzo wa Uislamu walisafiri juu ya ngamia, na kwamba Mtume, sala na salamu zimshukie, aliwasifu wanawake wa Kikureshi kuwa ni wabora wa wanawake waliopanda ngamia. Kupanda na kusafiri si ugeni kwetu. Kazi yetu mafundi ni kuhakikisha stara inasafiri pamoja na mwenye safari.

Somo la mkasi na sindano

Tumechukua nini katika historia hii tunapokata nguo leo? Haya ndiyo tunayoyafuata, nanyi mnaweza kumwambia fundi wenu popote mlipo.

*Kipimo cha kukaa.* Usipimwe umesimama tu. Kaa kwenye kiti, kunja goti, upimwe kutoka kiunoni kupita nyuma, na urefu wa mguu uliokunjwa. Suruali inayofika kifundoni ukiwa umesimama hupanda ukiwa kwenye pedeli.

*Kipande cha tatu.* Lile somo la Turfan. Omba kipande kipana katikati ya mapaja, ili mishono minne isikutane pale unapokalia. Mishono ikikutana hapo itakuchubua kabla hujafika.

*Kifundo kilichofungwa.* Marinda ya bibi zetu yarudi, lakini yawe na lastiki au kifungo kinachobana kidogo. Mguu wa kulia ndio ulio upande wa mnyororo, usiuache ukipepea.

*Kanzu ya juu.* Ipite goti, iwe na mpasuo pande zote mbili, na ndani ya mpasuo tia kitambaa cha kukunjika ili usionekane mguu. Nyuma iwe ndefu kuliko mbele kwa sababu ukiinama mbele nguo hupanda mgongoni.

*Buibui la kukusanya.* Usiyetaka kuacha buibui, fanya kama Julia Gill: vitanzi vidogo ndani, kamba moja, unavuta ukipanda na unalegeza ukishuka. Ndani yake vaa suruali pana.

*Ushungi.* Kitambaa cha pamba kinachovutika, kisicho na ncha ndefu za kuning'inia. Usitie pini mahali ambapo kofia ngumu itakandamiza.

*Kitambaa.* Pamba, kitani au viskosi, maana joto letu halina mzaha. Kabla ya kukata, kilowanishe kipande na ukiinue juani. Kikionyesha mkono wako, kitaonyesha na mwili ukitoka jasho au ukinyeshewa.

*Rangi.* Nyeusi ni nzuri, lakini dereva wa gari haioni jioni. Tia ukanda wa rangi ya kung'aa kwenye mpindo na mgongoni. Unaweza kuwa nakshi nzuri tu.

Na nyinyi mabiharusi, katika sanduku lenu huwekwa nguo za sherehe, za kulalia na za kupokelea wageni. Tunashauri mtie na seti moja ya kutokea safari, ya kwako mwenyewe, iliyokatwa kwa vipimo vyako. Kama mume naye ana baiskeli, mtatoka wote asubuhi kabla jua halijawa kali. Kama hana, utafika unakokwenda bila ya kumngoja mtu.

Wanawake wa Seneca Falls waliiacha nguo nzuri kwa sababu ya kelele, na wengine wakasubiri miaka 40 kuivaa tena. Sisi tusisubiri. Suruali ni yetu toka zamani, stara ni yetu, na cherehani tunacho. Mwenyezi Mungu atujaalie safari zenye heri, atukinge na ajali, na awape mabiharusi wetu ndoa zenye mapenzi na huruma. Amin.